Wagosi wa Kaya, nyumba ni ya nani?

Vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, bado vinaongelea 1988, mwaka Coastal Union ilipobeba ubingwa wa ligi. Tangu hapo, kimya.

Msimu wa 2023/24 Wagosi wa Kaya waliamka: nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Bravos do Maquis ya Angola ikawatoa mapema.

Tatizo haliko miguuni tu. Klabu iliyoanzishwa 1948 haina uwanja wake. Mkwakwani ni mali ya CCM, kama ilivyo Kirumba kule Mwanza. Mpangaji hapandi mnazi kwenye kiwanja cha mwenye nyumba; nazi ataangua nani?

Mfumo wa hisa upo: wanachama asilimia 51, wawekezaji 49. Lakini mwekezaji anunue nini, jezi na historia? Kabla ya kusaka tajiri, wanachama kaeni na mwenye uwanja, mpate mkataba mrefu wa maandishi. Hapo ndipo hata jukwaa litajengwa kwa moyo.

Wenzenu wa Dar wanakimbia, jamani. 1988 hairudi kwa stori za kahawa.