Kifaranga kinapokwama ndani ya yai: lini kukisaidia, lini kukiacha

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

SIKU ya 20 mfugaji husikia mlio mwembamba ukitoka ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga. Akichungulia kiooni anaona yai moja limetoboka, tundu dogo mfano wa punje ya mtama, na ncha ya mdomo ikichezacheza. Saa sita baadaye tundu ni lile lile. Hapo mkono huanza kumwasha. Kifuniko kinafunguliwa, ganda linamenywa kwa kucha, na mara nyingi kifaranga kilichosaidiwa namna hiyo hufa siku hiyo hiyo kwa kuvuja damu.

Huruma ya aina hii ni ghali kwa wafugaji wadogo wa Mwanza, kuanzia Buhongwa na Igoma hadi Kisesa, wanaotumia mashine za mbao zenye balbu na feni ndogo zinazoundwa na mafundi wa mitaani. Mayai yenye mbegu yamenunuliwa kwa fedha, na siku 21 zikipotea hazirudi. Wala kutafuta vifaranga vya bei nafuu nje ya mpaka si jambo la kutegemea. Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga viliteketezwa kwa moto na mamlaka za serikali kwa hoja ya kuzuia magonjwa ya ndege.

Ili kuelewa kwa nini kucha inaua, ni lazima kujua kinachoendelea ndani ya ganda. Kwa muda mrefu kifaranga hupumua bila kutumia mapafu. Hewa huingia kupitia vitundu vya ganda na kupokewa na mishipa ya damu iliyotandazwa chini yake. Yapata siku ya 19 hutoboa utando wa chumba cha hewa, kwenye upande mnene wa yai, na mapafu huanza kazi. Hewa ya chumba hicho ikichoka, ndipo hulidonoa ganda kwa kijino kigumu kilicho juu ya mdomo wake.

Kisha hutulia. Utulivu huo huweza kuchukua saa 12, hata 24, na ndio unaomtia mfugaji wasiwasi, kumbe ndani kuna kazi kubwa. Damu iliyokuwa katika mishipa ya ganda inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Anayemenya ganda kabla kazi hiyo haijakamilika anakata mishipa ambayo bado ina damu. Ikikamilika, kifaranga huzunguka, hukata ganda kama mfuniko wa kopo, na kujisukuma nje.

Hata hivyo, kuna vifaranga vinavyokwama kweli, na sababu iliyo ya kawaida ni ukavu. Wengi wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hudhani kwamba hewa ya hapa ina unyevu wa kutosha. Hesabu inakataa. Hewa ya nyuzi joto 25 yenye unyevu wa asilimia 70, ikipashwa moto hadi nyuzi 37.7 zinazohitajika ndani ya mashine bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi karibu theluthi moja tu. Mayai huhitaji unyevu wa asilimia 50 hadi 55 katika siku 18 za mwanzo, na asilimia 65 hadi 70 katika siku tatu za mwisho. Ndiyo maana siku ya 18 mayai huachwa kugeuzwa, sahani za maji hujazwa na kupanuliwa, kisha mashine hufungwa. Kila kifuniko kinapofunguliwa, unyevu hutoroka mara moja, na utando wa yai lililokwisha kutobolewa hukauka ukakibana kifaranga kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Kwa hiyo anayefungua kila saa ili kuona kama kuna aliyekwama ndiye anayewakwamisha wengine.

Msaada, basi, una masharti yake. Usiguse yai kabla ya saa 24 kupita tangu litobolewe. Baada ya hapo utazame utando. Ukiwa mweupe na wenye unyevu, huku mishipa ya damu ikionekana, lirudishe yai na usubiri. Ukiwa umekauka na kugeuka rangi ya kahawia, huku kifaranga kikilia bila kusogea, unaweza kuingilia. Nawa mikono, chovya pamba katika maji safi ya uvuguvugu, lowanisha utando bila kuyafikisha maji kwenye tundu za pua, kisha bandua vipande vidogo vya ganda kuzunguka upande mnene. Tone la damu likitokea, acha papo hapo. Mwisho, kifaranga kiachwe kitoe miguu chenyewe ndani ya mashine, maana kitovu huenda hakijafunga.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kifaranga kilichosaidiwa kisiwekwe kuwa mbegu. Kama udhaifu umetoka kwa wazazi, utarudi.

Jambo jingine ni umeme. Wanaoukumbuka mgao wa mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, hawahitaji kuelezwa. Mayai yenye siku chache huweza kustahimili ubaridi wa saa moja au mbili. Funika mashine kwa blanketi, ila usizibe matundu ya hewa. Yale ya siku za mwisho hutoa joto lake yenyewe, na feni ikisimama hatari huwa ni kukosa hewa na kuzidiwa na joto. Joto likipita nyuzi 40 huua upesi kuliko baridi.

Misri ya kale, huko yanakoishia maji ya ziwa letu hili, watu walitotolesha mayai katika matanuri ya matofali bila kipimajoto. Mtunza tanuri aliliweka yai juu ya kope la jicho na kwa hilo akajua kama moto umezidi. Ukumbini Mwanza leo kipimajoto ni kitu cha kununua tu, lakini kisiposahihishwa kitadanganya.

Vifaranga vilivyotoka visiharakishwe. Kiini kilichobaki tumboni huvilisha kwa siku mbili hivi, hivyo viache vikauke kabla ya kuhamishiwa kwenye bruda yenye joto la nyuzi 32 hadi 35 na maji safi, na baadaye chanjo ya kideri isisahauliwe.

Siku ya 22, baada ya kusikiliza na kuhakikisha kwamba hayalii, vunja mayai yaliyobaki nje, mbali na vifaranga. Yasiyo na dalili ya kifaranga yalikosa jogoo, au kiini kilikufa mapema kwa kuhifadhiwa mno. Kifaranga kamili kilichonata kwenye utando mkavu kinaonyesha kuwa maji yalikuwa haba. Kilichovimba, chenye majimaji mengi, kinaonyesha kuwa yalizidi. Andika idadi ya kila aina katika daftari kabla ya kupanga trei nyingine.