Mama, Mwana na Meli: Hukumu ya Kusafiri Pamoja na Kundi la Mashoga

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa bara na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa swali na mama mmoja, mwenyeji wa pwani yetu ambaye ameishi Ulaya kwa miaka mingi. Mwanawe wa kiume amejiunga na kundi la mashoga litakalosafiri kwa meli ya kitalii, na amemlipia mamake nauli ili afuatane naye. Kijana huyo hajamweleza habari zake mtu mwingine yeyote katika ukoo. Mama anauliza mambo matatu. Je, akipanda meli hiyo atakuwa ameshiriki maasi? Je, ataruhusiwa kupunguza na kukusanya sala zake akiwa safarini? Na je, awaambie nduguze walioko nyumbani au anyamaze?

Tumeonelea jawabu lisiishie kwenye barua, kwani maimamu wetu, hasa walioko ughaibuni, huulizwa maswali ya aina hii na mara nyingi hujibu kwa ghadhabu kabla ya kujibu kwa elimu.

Safari hizi ni za namna gani?

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa kulitolea jambo hukumu kunatanguliwa na kulifahamu. Basi tulifahamu kwanza.

Safari hizi ni za aina mbili, na wengi huzichanganya. Aina ya kwanza ni ile ambayo kampuni hukodi meli nzima, pamoja na nahodha na wahudumu wake, kisha ikauza vyumba vyote kwa mashoga na marafiki zao. Biashara hii ilishika mizizi Marekani. Kampuni ya RSVP Vacations iliianza mwaka 1986, Olivia ikaanzisha safari za wanawake mwaka 1990, na Atlantis ikafuata mwaka 1991.

Aina ya pili, ambayo ndiyo ya swali letu, ni kundi dogo ndani ya meli ya watu wote. Wakala wa safari huweka nafasi ya vyumba kadhaa katika meli ambayo huenda ikawa na abiria elfu mbili au tatu. Abiria waliobaki ni wastaafu, familia zenye watoto, na wengine waliokuja kupumzika tu. Kundi hutengewa meza zake wakati wa chakula cha jioni, huwa na mtu wa kuwakutanisha, na huenda matembezini pamoja meli inapotia nanga. Zaidi ya hayo, hawana meli yao peke yao. Wanaochagua aina hii hufanya hivyo kwa sababu ya nauli, au kwa kutopenda sherehe za usiku kucha, au kwa kutaka kusafiri na wazazi na ndugu zao. Kijana wa swali letu ni katika hawa wa mwisho.

Hata kabla ya makundi kupangwa na mawakala, watu hawa walikuwa wakikutana melini kwa fumbo. Katika ratiba ya siku inayogawiwa abiria kuliandikwa mkutano wa "Marafiki wa Dorothy", jina linalohusishwa na msichana wa filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Aliyefahamu alifahamu, na asiyefahamu alipita. Miaka ya karibuni kampuni nyingi zimeliacha fumbo hilo na kuandika waziwazi.

Bendera ya meli na sheria ya bandari

Jambo la pili la kufahamika ni kuwa meli haina sheria moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaiweka meli iliyo katika bahari kuu chini ya sheria ya nchi ambayo inapeperusha bendera yake. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Lakini meli ikiingia bandarini, na abiria akashuka kwenye gati, yuko chini ya sheria ya nchi ile.

Mambo haya yameleta mitihani. Mwaka 1998 visiwa vya Cayman viliikatalia kutia nanga meli iliyokuwa na abiria mashoga wapatao 900. Miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza, yenye mamlaka juu ya visiwa hivyo, ikafuta sheria za huko zilizoadhibu vitendo hivyo baina ya watu wazima faraghani. Mwaka 2012 abiria wawili walikamatwa Dominica na kutozwa faini kwa kosa la utovu wa haya hadharani. Mwaka huo huo meli iliyokodiwa na kampuni ya RSVP ilifuta ziara yake ya Casablanca, kampuni ikisema kuwa imenyimwa ruhusa, naye waziri wa utalii wa Morocco akakanusha kuwepo kwa katazo. Kwetu Afrika Mashariki, sheria ya Kenya inaadhibu tendo hilo kwa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa mwaka 2019.

Kwa hiyo neno moja la mtu mmoja linaweza kumfikisha abiria jela katika bandari moja, na katika bandari ya pili lisiwe kitu. Anayeulizwa fatwa asisahau kuwa ulimi wake nao una matokeo.

Mwenye kuasi kwa safari na mwenye kuasi safarini

Tuingie sasa katika fiqhi. Kwamba tendo la liwati ni haramu ni jambo ambalo wanavyuoni wa madhehebu zote wamelikubali, na hatukukusudia kulijadili upya. Swali la mama si hilo. Swali lake ni: safari yake yeye ina hukumu gani?

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, wametofautisha watu wawili. Wa kwanza ni mwenye kuasi kwa safari yake, mfano wa aliyetoka nyumbani ili akanyang'anye watu njiani. Huyu safari yenyewe ndiyo dhambi, hivyo hapewi ruhusa ya kupunguza sala. Wa pili ni mwenye kuasi ndani ya safari, mfano wa mfanyabiashara aliyetoka kwa biashara yake ya halali kisha njiani akanywa pombe. Huyu ana dhambi ya pombe, lakini ruhusa ya safari anabaki nayo. Wanavyuoni wa Kihanafi wamekuwa wapana zaidi, wakawapa ruhusa wote wawili.

Ikiwa mwenye kuasi mwenyewe njiani haondolewi ruhusa, vipi aondolewe mama ambaye hakuasi, na ambaye makusudio yake ni kukaa na mwanawe? Kila mtu na nia yake, wala hakuna abebaye mzigo wa mwenzake.

Liko na suala la maharimu. Mwana ni maharimu wa mamake kwa nasaba. Mafakihi wanalotazama kwake ni kuwa awe na akili na awe mlinzi anayeaminika kwa yule anayesafiri naye. Wengi wao hawakushurutisha awe mchamungu. Kijana aliyemlipia mamake nauli na kutaka kumshika mkono kwenye ngazi ya meli hajavua umaharimu wake.

Hadithi ya meli

Hapa huenda msomaji akatukumbusha hadithi ya An-Nu'man bin Bashir (r.a.) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Ni mfano wa watu waliopiga kura ndani ya meli, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia.

Hadithi ni sahihi na mafunzo yake ni makubwa. Lakini tuitazame vizuri. Wale wa chini walikuwa wakitoboa ubao ambao maji yangewazamisha wote, na jambo lao lilikuwa dhahiri. Hadithi haikumpa mtu wa juu ruhusa ya kuzunguka usiku akitega sikio kwenye milango ya vyumba. Al-Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ameeleza kuwa hata muhtasib aliyewekwa na dola hana haki ya kuchungua yaliyofichwa. Na Imamu Ghazali, katika Ihya, amesimulia kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) aliyepanda ukuta akamkuta mtu katika maasi ndani ya nyumba yake. Mtu yule akamkumbusha kuwa yeye kakosea moja, na Umar kakosea matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Kukaa melini na watu wasiofanana nasi si jambo geni. Mwaka 1184 Ibn Jubayr alirudi kutoka Akka kwa meli ya Wagenoa iliyojaa mahujaji wa Kikristo, zama za vita vya msalaba. Waislamu walijitengea sehemu yao, wakasali sala zao, na kuwaona wenzao wakiwasha mishumaa ya sikukuu yao. Meli ilipovunjika karibu na Messina, mawimbi hayakuuliza dini ya mtu, na mfalme wa Kikristo wa Sicily akawatolea fedha Waislamu mafukara wasio na nauli ya kufikishwa pwani. Ibn Jubayr hakuacha chochote katika dini yake kwa kupanda meli ile.

Sitara

Tunafika kwenye swali zito zaidi: aseme au anyamaze?

Surat al-Hujurat imekataza kupeleleza na kusengenya. Surat an-Nur imemwekea anayewasingizia zinaa wanawake waliohifadhika, asilete mashahidi wanne, adhabu ya viboko themanini, na mafakihi wa Kishafii wameliingiza katika hukumu hiyo tuhuma la liwati dhidi ya Mwislamu aliyehifadhika. Hata anayedhani anajua, hana ruhusa ya kutamka kwa dhana. Na Hazzal alipomhimiza Maiz aende kukiri dhambi yake, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kuwa lingekuwa bora kwake lau angelimfunika kwa nguo yake. Ikiwa hivyo ndivyo alivyoambiwa Hazzal, mama ana nguo pana zaidi.

Jawabu

Kwa ufupi, tunamjibu mama hivi:

Kwanza, kupanda meli hiyo si kushiriki maasi. Ni meli ya watu wote, na makusudio yake ni kuunga kizazi. Asihudhurie hafla ambazo dini yake inamkataza, wala asiketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Amwombe mwanawe wakae meza yao wawili, na wahudumu wa meli huweza kulipanga hilo.

Pili, asali kwa kupunguza na kukusanya kwa masharti yake yanayojulikana, asimame akiweza, na aelekee kibla kadiri ya uwezo wake.

Tatu, anyamaze. Siri aliyopewa ni amana. Kama ana nasaha, ampe mwanawe faraghani kwa upole, kisha amwombee dua. Asimkate, kwani aliyekatwa na mamake hana tena wa kumsikiliza.

Na kwenu, ndugu zetu maimamu: anapokujieni mzazi na swali kama hili, msimuulize jina la mtoto. Jibuni lililoulizwa, na mlango wa msikiti ubaki wazi kwa mama na kwa mwana.

Wallahu aalam.