Kusema na Simu Garini Pasipo Kuishika

Katika maduka ya vifaa vya simu mjini Arusha, kuanzia yale yanayozunguka Soko Kuu mpaka meza za vijana wachuuzi walio karibu na stendi, hakikosekani siku hizi kidude chenye ukubwa wa kidole gumba, ambacho dereva hukichomeka katika tundu la kiberiti cha gari, akakiunganisha na simu yake kwa njia ya Bluetooth, na tangu hapo akaweza kupokea simu na kusema na mtu aliye Babati au Dar es Salaam pasipo kuiondoa mikono yake katika usukani. Wenye uwezo zaidi hununua redio nzima yenye kioo kipana, ikapachikwa na fundi mahali pa ile ya zamani. Wengine hununua spika ndogo yenye klipu, ikabanwa katika ile kinga ya jua iliyo juu ya kioo cha mbele. Na magari mapya huja na chombo hicho tumboni mwake tangu kiwandani. Namna zake ni nyingi, lakini muradi ni mmoja, nao ni kumpa dereva mazungumzo bila kumtwalia mikono.

Kidude hicho cha bei nafuu kina kisa chake katika nchi yetu, kwa maana magari madogo mengi tunayoyaendesha yalitumika kwanza Japani. Chenyewe hakina spika. Huitwaa sauti ya simu na kuirusha tena kama kituo kidogo cha redio ya FM, ili redio ya gari iidake. Sasa redio za Kijapani zilitengenezwa kwa masafa ya kwao, ambayo kwa miaka mingi yalianza megahezi 76 na kukomea 90, hali masafa yetu huanza 87.5 na kufika 108. Kwa hiyo mwenye Noah au Vitz ambaye redio yake haijabadilishwa hana budi kutafuta nafasi katika kile kipande chembamba kilicho baina ya 87.5 na 90, na akikuta pamekwisha kukaliwa na kituo chenye nguvu, basi sauti ya mkewe itachanganyika na mahubiri au matangazo ya sabuni. Na gari hilo hilo, kila liwashwapo, huenda likamwamkia kwa sauti laini ya bibi wa Kijapani akimwarifu kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa mahali pake, habari ambayo madereva wengi wa Afrika Mashariki wameisikia kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, pasipo kujua wanaambiwa nini.

Bluetooth yenyewe ilianza mwaka 1994 kwa mafundi wa kampuni ya Ericsson, katika mji wa Lund, nchi ya Uswidi, waliotaka kuziondoa nyaya baina ya simu na vifaa vyake. Na mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba wakafanya shirika la kuisimamia, ili chombo cha kampuni hii kiweze kuelewana na cha kampuni ile. Simu na kifaa hurushiana mawimbi dhaifu ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, na kwa kuwa masafa hayo yana wapangaji wengi, hata majiko ya maikrowevu yakiwamo, vyombo viwili hivyo huruka pamoja kutoka mkondo huu hadi ule, katika mikondo 79, mara 1,600 kwa kila sekunde, kwa mpangilio waliopatana wao wenyewe; hata akija mwingine kuuvamia mkondo mmoja, wao huwa wamekwisha kuuhama. Mara ya kwanza ndipo penye kazi, kwa sababu dereva hulazimika kuvitambulisha viwili hivyo, na katika vile vya zamani kuandika tarakimu kama 0000. Baada ya hapo hujuana wenyewe kila gari liwashwapo.

Kujuana huko kuna vituko vyake. Nguvu ya vyombo hivi aghalabu hufika kiasi cha mita kumi, na mita kumi zatosha kutoka sebuleni mpaka uani; basi bwana akiwa ndani ya nyumba yake pale Njiro, simu mkononi, na bibi akawasha gari nje tayari kwenda sokoni, simu ya bwana huenda ikalikimbilia gari, na mtu aliyempigia bwana akajikuta anazungumza na bibi. Ndoa zilizo salama huchekea jambo hilo.

Yafaa pia ijulikane kwamba Bluetooth huibeba sauti hatua ya mwisho tu, kutoka mfukoni mwa dereva hadi katika spika, na safari yote iliyobaki ni ya mnara wa simu. Mtu aendaye Ngarenanyuki kutoka Usa River, akapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha mahali ambapo mlima umekaa baina ya gari na mnara, akisikia maneno yanakatika, asikilaumu kidude chake. Lawama inayokistahili ni ya maikrofoni, kwa kuwa vile vya bei rahisi hudaka kila kitu: ngurumo ya dizeli, upepo wa dirishani, na mawe yanayogonga chini ya gari. Vyombo vizuri huwa na akili ya kuitambua sauti iliyotoka katika spika yenyewe na kuitoa katika ile inayorudishwa, ili msemaji wa upande wa pili asijisikie mwenyewe kama mtu apigaye kelele pangoni. Katika Arusha vyote husikika vizuri zaidi miezi ya Juni na Julai, si kwa ufundi wowote, bali kwa sababu ya baridi itokayo mlimani kila mtu hupandisha vioo.

Hayo yote ni mambo ya chombo, nayo yana dawa. Lisilo na dawa dukani ni hili, kwamba mikono ni sehemu ndogo tu ya uendeshaji. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi juu ya madereva 699 wenye simu waliopatwa na ajali za kugongana. Walilinganisha saa ya ajali na kumbukumbu za simu zao, wakaona kwamba hatari ya kugongana huwa takriban mara nne wakati wa kutumia simu, na kwamba waliotumia simu isiyoshikwa hawakuonekana kuwa na usalama zaidi ya wenzao. Mwaka 2005 uchunguzi mwingine, wa Perth katika Australia, juu ya madereva waliofikishwa hospitali, ukaleta jibu la namna hiyo hiyo. Naye David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, wakiwaketisha watu katika gari la kuigiza, walidhihirisha mwaka 2003 kwamba dereva anayeongea kwa simu isiyoshikwa aweza kulielekeza jicho lake sawasawa juu ya kitu kilichoko njiani, na baadaye akiulizwa asikumbuke kukiona kabisa. Jicho limefika, lakini mwenye jicho yuko Babati.

Sasa tukiyaleta maarifa hayo nyumbani, tutaona kwamba sisi tuna mzigo ambao watu wa Toronto hawana, yaani salamu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo ulioruhusiwa na sheria mahali penye makazi, hukata takriban mita 14 kwa kila sekunde. Mzee akipiga simu kutoka Poli au Nkoaranga, kijana hawezi kumwambia "Sema haraka". Ni lazima atoe shikamoo, apokee marahaba, aulizwe habari za nyumbani, za kazi, za watoto, naye aulize za mama, za shamba, za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, na mvua imeanza au bado. Na yote hayo, kwa mtu aliyelelewa vizuri, hayapungui nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo gari limekwisha kupita zaidi ya mita 400, na jambo lenyewe lililompigisha mzee simu bado halijatajwa. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru, mita hizo 400 zimejaa akina mama wenye mikungu ya ndizi, mikokoteni, bodaboda zinazochomoza kutoka vichochoroni, na watoto wanaovuka kwa kumfuata yule aliyetangulia bila kutazama.

Mtu aweza kuuliza, je, abiria aketiye ubavuni mwa dereva naye hazungumzi? Huzungumza, tena pengine kuliko simu. Illa yeye ana macho. Watu wale wale wa Utah walilichunguza jambo hili mwaka 2008, wakaona kwamba abiria mtu mzima huyafuata mazungumzo na barabara kwa pamoja: njia ikiwa ngumu hupunguza maneno, au huyageuza yakawa juu ya njia yenyewe, na madereva waliosema kwa simu walipitiliza mahali pa kutokea mara nyingi zaidi kuliko waliosema na abiria. Hapana haja ya kwenda Utah kuliona hilo. Mwanamke aliyeketi mbele, akiwa katikati ya kisa cha harusi, akaona lori limesimama ghafla, hunyamaza kabla dereva hajagusa breki, na huenda akasema, "Baba Neema, lori hilo." Aliye kwenye simu hana habari ya lori, yeye huendelea na harusi, na ukimya wa dereva humfanya aulize, "Mbona hunijibu?"

Mji wa Arusha, kwa bahati, una watu waliozoea tangu zamani kusema garini na mtu asiyeonekana, nao ni madereva wa watalii. Kabla ya Bluetooth, na hata leo, Land Cruiser za kwenda Serengeti na Ngorongoro hufungwa simu ya upepo, ambayo kwa hakika huhitaji mkono mmoja ushike kinasa sauti na kidole kibonyeze. Kwa kipimo cha mikono, simu hiyo ni mbaya kuliko Bluetooth. Lakini simu ya upepo ina nidhamu iliyotokana na umbile lake: asemapo mmoja mwingine hawezi kusema, na mkondo ni wa watu wengi, kwa hiyo maneno huwa ya mukhtasari, chui yuko mahali fulani, magari ni mengi, basi, wala hakuna anayehesabiwa kuwa amekosa adabu kwa kuacha kumjibu mwenzake mpaka avuke korongo. Mimi naona kwamba desturi hiyo ingefaa kuhamia katika simu za garini, japo nakiri kwamba ni vigumu kumfundisha mama mzazi kusema kama dereva wa Serengeti.

Kuna neno jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni faragha. Simu iliyo sikioni ni siri ya watu wawili. Simu iliyo katika spika ya gari ni baraza. Mdai huanza kwa kulitaja deni, na kiasi chake, na tarehe iliyoahidiwa, huku mama mkwe ameketi kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, akitazama mashamba ya kahawa kama asiyesikia. Rafiki hutoa mzaha wa marafiki. Daktari hutaja majibu. Kwa hiyo waungwana wamejizoeza neno la kwanza la kupokea simu garini, ambalo hutangulia hata salamu: "Nipo na watu garini." Aliye mwelevu hulishika mara moja, na mazungumzo yote yakageuka kuwa juu ya hali ya hewa.

Kwa upande wa sheria, yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, zama ambazo simu ilikuwa kitu cha kuwekwa mezani na kufungwa kwa waya, lakini katazo lake la kuendesha bila hadhari ni pana vya kutosha. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu garini tarehe 1 Desemba 2003, ikaiachia isiyoshikwa, ingawa dereva aliyepotewa na uangalifu huweza kushitakiwa kwa zote mbili. Na Desemba 2011 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilizishauri serikali za majimbo zizikataze zote pamoja. Ugumu ni dhahiri: askari wa usalama barabarani aweza kuuona mkono ulio sikioni, au simu ya kijana wa bodaboda iliyopachikwa ndani ya helmeti, ambayo ndiyo Bluetooth ya wasio na Bluetooth, lakini fikira zilizokwenda Babati hana namna ya kuzipima.

Wenye hekima kuliko wote huenda wakawa ni madereva wa daladala, ambao humtupia konda simu, naye konda, mwili nusu nje ya mlango wa Hiace, hupokea na kusema, "Bosi anaendesha, tukifika Kilombero atakupigia." Mwenye gari lake binafsi hana konda, lakini simu janja nyingi zina njia ya kuukataa wito na kupeleka papo hapo ujumbe uliokwisha kuandikwa. Ujumbe huo mara nyingi huja umeandikwa kwa Kiingereza, mkavu, na mzee wa Poli akiupata hudhani ametukanwa. Waweza kubadilishwa. Hukaa katika mipangilio ya simu, nao huandikwa gari likiwa limesimama, kwa maneno ambayo mtu angeyatamka mwenyewe: "Shikamoo mzee. Niko njiani naendesha. Nikifika nitapiga, nisalimie mama."