Mlio Uliofichwa Chini ya Meza ya Mwenzako

Mzaha ni katika mambo yaliyoruhusiwa, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akitaniana na Maswahaba zake bila ya kusema uongo. Leo tunauzungumzia mzaha wa aina moja tu, ulioingia makazini pamoja na vifaa vya bei nafuu: kidude cha umeme chenye kulia, kinachofichwa chini ya meza ya mfanyakazi mwenzako ili ahangaike kukitafuta.

Kidude chenyewe si cha ajabu. Ni kisahani chembamba cha kutoa sauti, saketi ndogo ya kuhesabu muda, na betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Nchini Marekani duka la ThinkGeek, kabla halijafungwa mwaka 2019, lilikuwa likikiuza kikiwa tayari kwa jina la Annoy-a-tron, pamoja na sumaku ya kukigandisha penye chuma. Mwenye ujuzi kidogo hukiunda kwa kuchopoa vipande vya saa ya mezani iliyokufa au kadi ya salamu yenye kuimba. Udhia wake hauko katika nguvu ya sauti, bali katika muda. Hulia mara moja tu, kisha hunyamaza dakika kadhaa, na muda huo hubadilika kila mara. Sikio hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha kinachofika kulia na kinachofika kushoto, na mtu hugeuza kichwa ili kuhakikisha. Mlio mwembamba wa kitambo kifupi humnyima nafasi hiyo. Akigeuka, umekwisha.

Sasa tukichukue kidude hicho tukipeleke Soitsambu, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Huko sauti ina kazi yake. Kengele shingoni mwa ng'ombe humwambia mchungaji mnyama wake yuko wapi, na mbwa akibweka usiku, katika nchi inayopakana na Serengeti, hakuna anayelichukulia kuwa jambo la kuchekesha. Katika zahanati yoyote, jokofu la chanjo halina budi kukaa baina ya nyuzi joto 2 na 8, na yapo majokofu yanayolia joto likizidi. Muuguzi aliyechezewa wiki nzima kwa mlio wa uongo atafanya nini atakaposikia wa kweli? Atasema, "Ni yule bwana tena," na ataendelea na daftari lake. Wanaofanya kazi hospitalini wanalifahamu vyema jambo hili, kwamba milio ikikithiri masikio huizoea.

Ipo pia hofu, na mkoa wa Arusha unaijua. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, na tarehe 15 Juni mwaka huohuo jingine likarushwa katika mkutano wa siasa viwanja vya Soweto. Watu walikufa mara zote mbili. Kwa jirani zetu Kenya, tarehe 12 Aprili 2015, siku 10 baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, transfoma ililipuka alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia katika kukimbia na kuruka. Adui hakuwapo, palikuwa na sauti tu.

Wazazi wenye watoto wanaopenda kufungua redio na kuziunganisha upya, nao ni hazina, wakumbuke kisa cha Ahmed Mohamed, kijana wa miaka 14 wa Irving, Texas. Mwezi Septemba 2015 alipeleka shuleni saa aliyoiunda ili awaonyeshe walimu. Ikalia darasani, akafungwa pingu. Dunia ilimtetea, Rais Obama akamwalika Ikulu, lakini familia ilihamia Qatar. Huyo alikuwa akionyesha. Anayeficha atajitetea kwa lipi?

Katika Sunan za Abu Dawud imepokewa kwamba Maswahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, mwenzake akamchukulia kamba aliyokuwa nayo, akashtuka. Mtume akabainisha kuwa si halali Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Kamba tu! Wapo watakaotujibu kwa kisa cha Nuayman na Suwaybit, ambapo mmoja alimuuza mwenzake kwa mzaha, na Mtume akacheka. Ni kweli. Lakini mzaha ule ulifichuliwa safarini mulemule, Abu Bakr akawarudishia watu ngamia wao. Kidude tunachokisema kimetengenezwa kwa makusudi kisifichuke, na kadiri mwenzako anavyozidi kudhani kwamba akili yake ina kasoro, ndivyo mwenye kukiweka anavyofurahi. Hapo mimi sioni pa kuvifananisha.

Na kama tayari kimo nyumbani, kitazameni betri yake. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, huanza kuunguza nyama za ndani katika muda usiozidi saa mbili, hata kama haikuvuja. Asisubiriwe mpaka alie au atapike. Apelekwe hospitali mara moja penye picha ya eksirei, na kwa mtu wa Soitsambu hiyo ni safari ya Wasso. Betri iliyochakaa ifungwe kwa gundi ya karatasi pande zote mbili kabla ya kutupwa, kwa kuwa hata ile isiyoweza tena kuliza kidude inaweza kuunguza.