Chumvi Katika Mshahara: Asili ya Neno *Salary*

Ni nadra mjadala wa asili za maneno kumalizika bila ya mtu kueleza kwamba askari wa Roma ya kale walilipwa chumvi, na ushahidi anaoutoa ni neno la Kiingereza *salary*. Hadithi hii ni tamu. Ila waandishi wa Kirumi wenyewe hawaisimulii.

Kuhusu umbo hakuna ubishi. *Salary* liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kwa njia ya Kifaransa cha Wanormani, nalo latokana na Kilatini *salarium*, lililojengwa juu ya *sal*, yaani chumvi. Lakini katika maandishi tuliyo nayo *salarium* ni posho ya fedha, hasa ya maofisa na watumishi wa dola. Malipo ya askari wa kawaida yaliitwa *stipendium*, neno lenye mzizi wa kupima fedha kwa mizani. Zama za Augustus yalikuwa dinari 225 kwa mwaka. Polybius, aliyeandika katika karne ya 2 kabla ya Kristo, ataja makato ya nafaka, mavazi na silaha. Chumvi haitaji.

Shahidi tunayebaki naye ni Plinius Mkubwa, aliyefariki mwaka 79. Katika kitabu cha 31 cha *Naturalis Historia* asema tu kwamba chumvi ilihusika hata na heshima za vyeo na utumishi wa kijeshi, ndipo *salaria* zikapata jina. Ilihusika vipi? Haelezi. Kamusi ya Lewis na Short ya mwaka 1879 ndiyo iliyofasiri neno hili kuwa fedha waliyopewa askari ya kununulia chumvi. Hata hiyo, tuangalie vyema, ni fedha, si chumvi yenyewe.

Neno letu *mshahara* lafaa kuwa kipimo hapa. Latokana na Kiarabu *mushahara*, malipo ya mwezi kwa mwezi, kutoka *shahr*, mwezi. Kiswahili kiliichukua silabi ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata *mishahara*. Na leo mtu alipwaye kwa wiki hupokea mshahara wake bila ya kuona kinyume chochote. Hali kadhalika *dinari*, lililotufikia kwa Kiarabu na Kiyunani kutoka Kilatini *denarius*, "ya kumi kumi", maana mwanzoni sarafu hiyo ilikuwa sawa na *asi* 10. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo Warumi waliifanya kuwa sawa na *asi* 16, na jina wakaliacha vile vile.