Pipa Likisema Limejaa, Nani Atasikia?

Ndugu msomaji, chukulia kwamba wewe ni dereva wa gari la taka mjini Mtwara. Alfajiri unaondoka na ratiba yako mkononi. Kontena la kwanza, kule Shangani, limejaa nusu tu. Unalibeba hivyo hivyo kwa kuwa leo ni zamu yake. Wakati huo huo, kontena la sokoni lilijaa tangu juzi, na taka zimekwisha kumwagika hadi mtaroni. Mafuta yametumika, jasho limekutoka, na mji bado mchafu. Kosa si lako. Hukuwa na habari.

Ukosefu huo wa habari ndio ambao wataalamu wa miji mbalimbali wamejaribu kuutibu kwa chombo kidogo kiitwacho kihisi. Yafaa tukielewe, kisha tujiulize kingetufaa kwa kiasi gani.

KINAVYOFANYA KAZI

Kihisi hufungwa chini ya kifuniko cha kontena. Hutoa sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio la binadamu. Sauti hiyo hugonga taka na kurudi kama mwangwi. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, chombo huhesabu muda wa kwenda na kurudi, kikajua taka zimefika wapi. Katika kontena tupu lenye kina cha mita moja, mwangwi hurudi baada ya sehemu sita hivi za elfu moja za sekunde. Taka zikibakisha sentimita 20 kufika juu, hurudi baada ya sehemu moja na kidogo tu. Wavuvi wenye mashine za kupima kina cha bahari wanaifahamu kanuni hiyo. Habari hupelekwa ofisini kwa mtandao kama wa simu, na dereva huelekezwa kwenye makontena yaliyojaa tu.

Mji wa bandari wa Santander, Hispania, ulianza mwaka 2010 mradi uliotawanya maelfu ya vihisi mitaani, vikiwemo vya mapipa ya taka. Karibu nasi, mjini Kampala, kampuni ya Yo-Waste imetumia programu ya simu kuwaunganisha wenye taka na wenye magari ya kuzizoa.

JE, MTWARA?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi 140,000. Watu wakiongezeka, taka nazo huongezeka. Hivyo kila lita ya dizeli inayookolewa ni safari nyingine ya kwenda dampo.

Hata hivyo, tusidanganyike. Kihisi hupima kimo cha taka; hakipimi uzito wala uvundo. Taka zetu nyingi ni maganda ya muhogo na ndizi, vifuu vya nazi na matumbo ya samaki. Kontena la soko la samaki laweza kuwa nusu tupu, kihisi kikasema "bado", kumbe nzi wamekwisha kulivamia kwa joto la siku moja. Kadhalika, kihisi hakina la kusema kuhusu vichochoro visivyo na kontena, ambako taka hutolewa kwa viroba na mikokoteni. Na pipa likiita wakati gari halina matairi, litakuwa limelalamika bure.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si lazima iwe ya gharama kubwa. Mfagiaji wa soko mwenye simu ya kawaida huona, hunusa na huweza kutuma ujumbe. Kinachotakiwa ni namba moja inayopokelewa, na gari linaloitika. Ofisi ikijizoeza kuitika wito wa mfagiaji, ndipo itakapoweza kuitika wito wa chombo.

Ucheleweshaji una gharama yake. Mvua za Desemba hadi Aprili huzoa kilichoachwa mitaroni na kukipeleka baharini. Kusini mwa mji iko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Humo mna mikoko ambamo samaki wadogo hukulia, na kasa, ambaye huweza kumeza mfuko wa plastiki akidhani ni konyeza. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingali vikitupwa.

WAJIBU WA NYUMBANI

Mama na baba wa nyumba, wekeni ndoo mbili. Ya kwanza iwe ya maganda na mabaki ya chakula, ambayo yakifukiwa huwa mbolea ya bustani. Ya pili iwe ya vitu vikavu. Kontena litachelewa kujaa, na litanuka kidogo. Lipeni ada ya taka, kisha mdai risiti na mdai gari.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Redio ilisema, wananchi wakakusanyika katika vikundi kusikiliza, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Redio peke yake haikuchimba hata shimo moja. Na pipa lenye kihisi, hata likipaza sauti kutwa kucha, halitajimwaga lenyewe.