Dawa rahisi, saa za mtabibu ghali: hesabu ya soko jipya la tiba ya akili

Mwaka 2024 dawa moja ya kupuliza puani iliiletea kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani mauzo ya zaidi ya dola bilioni 1, yaani zaidi ya shilingi bilioni 130 za Kenya. Dawa hiyo ni Spravato, na hutolewa kwa wagonjwa wa sonona ambao vidonge vya kawaida vimeshindwa kuwasaidia. Kiini chake kimetoka kwenye ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji inayojulikana katika vyumba vya upasuaji kote nchini. Molekuli za ketamini huja kwa jozi, zikifanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kampuni ilichukua mmoja, ikautia kwenye kichupa cha kupulizia, ikapata hataza. Ketamini yenyewe ilitengenezwa mwaka 1962, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1970, na hataza yake iliisha zamani. Leo ni miongoni mwa dawa za bei ya chini. Spravato ilipoingia sokoni Machi 2019, bei yake ya orodha ilikuwa dola 590 hadi 885 kwa kikao kimoja.

Anayetaka kuielewa biashara ya dawa za njozi, zile ziitwazo saikedeliki, na aanzie kwenye pengo hilo la bei. Hizi ni dawa zinazobadili kwa muda jinsi mtu anavyoona, anavyosikia na anavyofikiri. Kundi lao kuu ni LSD, silosibini inayotoka kwenye uyoga na ibogaini inayotoka kwenye mizizi ya mti wa Gabon. Ketamini na MDMA huhesabiwa kama jamaa zao wa karibu. Kwa muda mrefu zilitajwa zaidi katika habari za polisi, lakini sasa zimo katika kurasa za masoko ya hisa.

Ukiwa Mtopanga, wadi ya Kisauni ambako riziki ya wengi ni vibarua vya hoteli za Bamburi na Shanzu, bodaboda, tuktuk na vibanda vya barabarani, habari hizi zaweza kusikika kama za watu wa mbali. Si za mbali. Magonjwa ambayo sekta hii inaahidi kuyatibu, yaani sonona, kiwewe na uraibu wa heroini (unga), yamo katika familia za Kisauni. Swali la haki ni kama tiba yenyewe itafika huku, na kwa bei ya nani.

Fedha zilivyorudi

Mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, Uswisi, alitengeneza LSD mwaka 1938 na kugundua nguvu zake mwaka 1943. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Ulaya na Marekani waliitumia kwa maelfu ya wagonjwa. Kisha matumizi yake mitaani yakazua hofu ya kisiasa, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 ukaifungia LSD pamoja na silosibini katika daraja kali kuliko yote. Utafiti ukakauka kwa miongo mitatu.

Wanasayansi walirudi polepole. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilichapisha utafiti wa silosibini uliowashawishi wengi kuwa kazi hii inaweza kufanywa kwa usalama, na mwaka 2019 kikafungua kituo maalumu kwa msaada wa dola milioni 17. Wawekezaji wakafuata. Compass Pathways ya Uingereza iliingia soko la Nasdaq mwaka 2020, atai ya Ujerumani mwaka 2021. Fedha zilimwagika kabla ya dawa hata moja mpya ya aina hiyo kupata kibali.

Baadaye mambo yakageuka. Mnamo 2023 Field Trip ya Kanada, iliyokuwa imefungua msururu wa kliniki za ketamini, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa ombi la kampuni ya Lykos la kutibu kiwewe kwa MDMA. Wataalamu walilalamika kwamba karibu kila mshiriki alijua kama amepewa dawa halisi au dawa bandia, kwa hiyo matokeo hayangeweza kupimwa kwa haki. Pia zilikuwepo taarifa za mwenendo mbaya wa watabibu kwa mshiriki. Lykos ikapunguza asilimia 75 hivi ya wafanyakazi wake.

Mwaka 2025 fedha zilianza kurudi. Mnamo Juni, Compass ilitangaza kwamba katika awamu ya tatu ya majaribio, dozi moja ya silosibini yake ilipunguza sonona kwa tofauti ya alama 3.6 dhidi ya dawa bandia, kwenye kipimo cha alama 60. Ni nafuu ya kweli, ila si muujiza. Agosti mwaka huohuo AbbVie ilikubali kununua dawa ya njozi ya Gilgamesh kwa mpango unaoweza kufika dola bilioni 1.2. Kinachovutia wanunuzi kwenye dawa hiyo ni kwamba athari yake huisha haraka kuliko ya silosibini.

Kinachouzwa hasa

Hapo ndipo penye siri ya sekta nzima: gharama kubwa iko kwenye saa za watu kuliko kwenye dawa. Mpango wa Lykos ulitaka vikao vitatu vya MDMA vya saa nane kila kimoja, na vikao vingine kumi na viwili vya saa moja na nusu vya kumwandaa mgonjwa na kuzungumza naye baadaye. Jumla ni saa 42. Kila kikao kilikuwa na watabibu wawili, hivyo mgonjwa mmoja hula saa 84 za kazi ya kitaalamu. Silosibini huchukua saa sita hadi nane kwa kikao. Spravato humtaka mgonjwa aangaliwe saa mbili baada ya kila dozi, mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza, lakini muuguzi mmoja aweza kuwaangalia wagonjwa kadhaa kwa pamoja. Tofauti hiyo ya saa inaeleza vizuri kwa nini Spravato ina faida na wenzake bado wanahangaika. Inaeleza pia kwa nini katika jimbo la Oregon, Marekani, lililoruhusu vituo vya silosibini kuhudumu kuanzia 2023, mteja mara nyingi hutozwa zaidi ya dola 1,000 kwa kikao ilhali uyoga wenyewe huota kwa gharama ndogo.

Sasa ilete hesabu hiyo Mtopanga. Kenya ina watu zaidi ya milioni 50, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno, wengi wao wakiwa Nairobi. Mgonjwa wa Kisauni anayehitaji kitengo cha umma cha akili huelekezwa Port Reitz, Changamwe: avuke daraja la Nyali, akatize kisiwa, apite Makupa ndipo afike. Hata silosibini ikigawiwa bure kesho, nani atakaa naye saa nane?

Tulichonacho tayari

Jibu la kukata tamaa si la haki, kwa sababu nchi hii ina rasilimali ambazo wawekezaji wa Nasdaq hawazihesabu.

Ya kwanza ni ketamini yenyewe. Kuanzia mwaka 2013, katika hospitali za magharibi mwa Kenya, mradi wa ESM-Ketamine ulioanzishwa na wataalamu wa Massachusetts General Hospital uliwafundisha wahudumu wasio madaktari wa usingizi kwa siku tano, wakaweza kutumia ketamini kwa usalama katika upasuaji wa dharura pale mtaalamu alipokosekana. China ilipotaka mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uidhibiti ketamini kimataifa, Shirika la Afya Duniani lilipinga, kwa kuwa hospitali za nchi maskini zingekosa dawa yao kuu ya usingizi. Ketamini ilibaki huru, na baadhi ya hospitali binafsi za Nairobi, Chiromo ikiwa mojawapo, sasa huitumia kwa wagonjwa wa sonona. Dawa hii si ya mchezo: hupandisha presha, na wanaoizoea huharibika kibofu. Ndiyo maana inahitaji mwongozo wa wazi wa Bodi ya Dawa na Sumu kuhusu nani aitoe kwa wagonjwa wa akili, wapi, na kwa uangalizi gani.

Rasilimali ya pili ni watu wanaojua kukaa na mgonjwa. Zimbabwe ilianza mwaka 2006 mpango wa Friendship Bench chini ya daktari Dixon Chibanda, ambapo akina bibi waliofunzwa huketi benchi moja na wenye sonona na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hata Zanzibar. Kenya nayo ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 Septemba 2023. Mombasa ina mashirika kama MEWA na Reachout Centre Trust, yenye uzoefu wa miaka mingi wa kuwatembelea waraibu vijiweni. Huo ndio mtaji wa saa ambao Lykos iliununua kwa bei ya dhahabu.

Unga, methadoni na ahadi ya Gabon

Kwa Kisauni, dawa ya njozi yenye mvuto mkubwa zaidi ni ibogaini. Mwaka 1962 Mmarekani Howard Lotsof, aliyekuwa akitumia heroini, aliijaribu na kusema hamu yake ya heroini imekatika. Tangu hapo kliniki binafsi, nyingi zikiwa Mexico, zimekuwa zikiiuza kwa maelfu ya dola. Juni 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kwa majaribio yake. Mti wenyewe, iboga, ni wa Gabon, ambako watu wa dini ya Bwiti wameutumia kwa vizazi.

Familia yenye mraibu inapaswa kujua jambo moja kabla ya lingine lolote: ibogaini huvuruga mapigo ya moyo na imewahi kuua. Methadoni, dawa wanayopewa waraibu kliniki badala ya heroini, nayo hugusa moyo kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo kuzichanganya ni hatari maradufu. Anayeacha dozi yake ya kila siku katika kliniki ya Kisauni akameza kidonge alichoagiza mtandaoni anahatarisha uhai wake. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ya kudhibiti mihadarati, LSD na silosibini ni haramu, na muuzaji wa mtandaoni hawezi kuzihalalisha kwa kuziita tiba.

Methadoni haina mvuto wa hisa, lakini inafanya kazi. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, na Kisauni ikapata kliniki yake baadaye. Udhaifu wake mkubwa ni kutegemea wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, huduma za waraibu nchini zilitikisika. Serikali isiyoweza kuhakikisha kikombe cha methadoni cha kila asubuhi haiwezi kudai iko tayari kwa ibogaini.

Mgao uwekwe mapema

Gabon imetufundisha jambo. Ilizuia usafirishaji wa iboga bila kibali mwaka 2019, na shehena ya kwanza halali, yenye makubaliano ya kugawana faida na vijiji chini ya Itifaki ya Nagoya, iliondoka mwaka 2023. Kenya iliwahi kuchelewa. Vijidudu vya Ziwa Bogoria vilivyochukuliwa miaka ya 1990 viliishia kuwa vimeng'enya vya sabuni na vya kufua jinzi huko ng'ambo, na Kenya Wildlife Service ikaanza kudai fungu la nchi mwaka 2004, wakati bidhaa zilishauzwa.

Majaribio ya dawa za akili yatatafuta wagonjwa Afrika, maana kampuni zitahitaji ushahidi kutoka kila jamii. Pwani ina taasisi ya kuyapokea kwa heshima: KEMRI-Wellcome Trust iko Kilifi, kwenye barabara hiihii ya Malindi inayopita jirani na Mtopanga. Masharti yawe mezani kabla ya sindano ya kwanza: dawa ikifaulu iuzwe hapa kwa bei ambayo mamlaka ya bima ya afya, SHA, inaweza kuilipia, watabibu wa majaribio wawe vijana wa Pwani waliosomeshwa kwa fedha za mradi, na mgonjwa aliyeshiriki asiachwe jaribio likiisha.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa haina haja ya kusubiri Nasdaq. Ianze kwa kulipia methadoni kwenye bajeti yake, na kuwafundisha wahudumu wa jamii wa Kisauni kazi ya kumsikiliza mgonjwa wa sonona. Dawa mpya zikifika zitawakuta watu wa kuzitoa. Zisipofika, mgonjwa wa Mtopanga atakuwa tayari amepata mtu wa kukaa naye, na hilo ndilo alilokosa tangu mwanzo.